Sauti ya Nne Peke Yake

Ile barua ningeweza kukataa kuiandika. Nilikuwa katibu wa baraza la wazee wa usharika wetu hapa Kinyangiri. Kalamu ilikuwa yangu, muhuri ulikuwa wangu, na ufunguo wa kabati la kwaya ulikaa mfukoni mwa koti langu. Mwenyekiti alisema, "Katibu, andika," nami nikaandika. Barua ilikuwa na mambo mawili tu. La kwanza, baraza linamshukuru Mwalimu wa kwaya kwa utumishi wake, na kuanzia Jumapili ijayo hatafundisha tena. La pili, kabati liondolewe karatasi zote ili mashine ya spika mpya ipate mahali. Nilisaini, nikagonga muhuri, nikaupuliza wino ukauke. Hakuna aliyenilazimisha.

Nayaeleza haya sasa kwa sababu binti yangu Penina amenipa kazi ninayoshindwa. Baada ya mavuno ya alizeti tunajengea kaburi la mama yake. Vigae ameshanunua, fundi ameshapatikana. Anachotaka ni kwamba siku hiyo uimbwe wimbo ambao Mwalimu alimtungia mama yake alipofariki.

"Baba, wewe uliuimba," aliniambia kwa simu. "Mimi nilikuwa shuleni, basi likaharibika njiani, nikafika mmeshazika. Sijawahi kuusikia. Nifundishe, tuimbe wote."

Nikamwambia nitautafuta. Katika kuutafuta nimemfikiria Mwalimu kuliko nilivyowahi kumfikiria wakati tulipokuwa tunaonana mara tatu kwa wiki, na kadiri ninavyomfikiria ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Jina lake silitaji. Hata alipokuwa hapa wengi hawakulijua. Alikuwa Mwalimu, ingawa darasa la shule hakuwa nalo. Watani walimwita Bwana Nota, kama vile tunavyosema bwana mifugo au bwana shamba, na nadhani utani huo ulitokana na wasiwasi wa kweli. Bwana mifugo akija unamwonyesha ng'ombe. Huyu ungemwonyesha nini?

Alikuja na shahada ya muziki mtakatifu. Nakumbuka siku baraza lilipomkaribisha, akiwa amekaa kwenye benchi la mbele na mfuko wake mapajani kama mtu anayesubiri zahanati.

"Tumesikia umekaa chuo kikuu miaka mitatu," mwenyekiti alimwambia.

"Ndiyo, mzee."

"Ukisomea kuimba."

"Kuimba kidogo tu, mzee. Zaidi kusikiliza."

Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Miaka mitatu ya kusikiliza! Mke wangu kila siku ananiambia sisikilizi. Kumbe nilitakiwa nipelekwe chuo!"

Tukacheka mpaka mchungaji akagonga meza. Mwalimu naye alicheka. Kicheko kilipoisha nikauliza mimi, kwa sababu katibu ndiye anayeuliza maswali ya namna hiyo: shahada hiyo inampa mtu kazi gani? Alijibu bila kukasirika. Mwenzake mmoja alikuwa redio, akipokea kwaya zinazokuja kurekodi. Mwingine alikuwa mwalimu kwenye chuo cha ualimu. Wa tatu alizunguka wodi za hospitali akiimba na wagonjwa, na alilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mwingine alipiga kinanda kwenye kanisa kubwa mjini na kufundisha watoto wa watu wenye uwezo.

"Na wewe?" nikauliza. "Mbona umekuja huku?"

Akatazama nje ya dirisha, kule mashamba yalikoanzia. "Huku watu bado wanaitana kwa mbali," alisema.

Niliandika jibu hilo kwenye kumbukumbu za kikao kama alivyolitamka, kisha nikaweka alama ya kuuliza pembeni. Alama hiyo nimeiona tena mwaka huu.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba hakuweza kuimba. Sisemi kwamba hakujua. Alijua kuliko sisi sote, ila koo lake lilikuwa kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Akitaka kutupa sauti alitoa mfukoni kichuma chenye meno mawili, akakigonga gotini, akakisogeza sikioni, kisha akainama kwa mama mmoja aliyeongoza sauti ya kwanza, Mama Sara, akamnong'oneza. Mama Sara aliimba badala yake. Ilikuwa kama kumwona mtu anayesema kupitia mkalimani katika lugha yake mwenyewe.

Masikio yake lakini yalikuwa ya kutisha. Iguguno, hapo jirani, kuna mzee Mwislamu, Mzee Jumanne, mwenye kinu cha kukamua alizeti. Siku moja tulikuwa tumesimama pale na magunia yetu, Mwalimu akainua kidole.

"Mzee Jumanne, kinu chako kimeshuka sauti."

"Kimeshuka sauti? Kwani kinaimba kwaya?"

"Mwezi uliopita kilikuwa juu kidogo. Kuna kitu ndani kinachoka."

Mzee Jumanne akatugeukia sisi. "Jamani, mmeniletea mtu gani huyu?" Siku ya tatu beringi ikavunjika, alizeti ya watu ikalala wiki nzima. Tangu hapo Mwalimu alikuwa na kiti chake pale kinuni, na Mzee Jumanne akawa anamtambulisha kwa wateja kama daktari wa mashine. Mwalimu hakupenda. "Mimi ni mtu wa kanisa," alikuwa akisema, lakini kiti hakukikataa.

Na kanisani kwenyewe sikumwelewa. Wakati wa maombi sisi tukiinama, yeye alikaa wima, macho wazi, shingo imepinda upande. Nilidhani hana imani. Nikamuuliza siku moja njiani kama huwa anaomba. Akaniambia, "Katibu, mchungaji akiomba, watu mia wanapumua pamoja. Mimi nikifumba macho nitasinzia, nitaikosa pumzi hiyo." Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa jibu la ndiyo au la hapana.

Kitu kingine ni shikamoo. Mimi nilimzidi miaka michache tu, lakini hakuwahi kukutana nami bila kuniamkia. Hata siku alizotoka kunigombeza mazoezini. Na alinigomba sana. Mimi ni besi, sauti ya nne, na alidai ninasukuma.

"Katibu, unasukuma."

"Nasukuma nini, Mwalimu?"

"Wenzako. Besi ni sakafu. Sakafu haiendi mbele ya nyumba."

Kwaya ilicheka. Nilicheka na mimi, na nikaiweka moyoni. Nalisema hili kwa sababu lina mchango wake katika ile barua.

Sasa nieleze jinsi tulivyojifunza nyimbo, maana ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Mwalimu aliandika nota kwa herufi, do, re, mi, sauti nne, mstari chini ya mstari. Ubao hatukuwa nao. Kanisa lilikuwa linajengwa, na mifuko ya saruji ilikuwa mingi. Alipasua mifuko, akatoa ile karatasi safi ya ndani, akaipangusa, akaandika kwa kalamu nene na kuitundika ukutani ili watu arobaini waone. Kila wimbo, karatasi moja. Ukiisogelea ilinuka saruji. Yeye alitaka kila mwimbaji anakili sauti zote nne kwenye daftari lake. Ilichukua jioni nzima kwa wimbo mmoja, kina mama wakawa wanachelewa kukamua ng'ombe, manung'uniko yakaanza. Nikiwa katibu wa kwaya pia, nikatoa utaratibu: kila mtu anakili sauti yake tu. Dakika ishirini, tumemaliza.

Mwalimu alinifuata nje. "Kwa hiyo wewe utakuwa na besi tu?"

"Mimi ni besi, Mwalimu. Sauti ya kwanza ya nini?"

"Siku moja utataka kujua ulikuwa umebeba nini."

"Nikitaka nitamuuliza Mama Sara."

Akarudi ndani. Mtu huyu angeweza kusimamisha kwaya mbele ya askofu kwa sababu ya nota moja, lakini utaratibu wa katibu hakuupinga. Nao ukabaki. Kwaya nzima tukawa na madaftari ya robo robo, na wimbo mzima ukawa mahali pamoja tu, kwenye karatasi za saruji ndani ya kabati.

Halafu kulikuwa na jambo la misiba. Hili ndilo lililomfanya apendwe na ndilo lililomfukuzisha.

Mtu akifariki katika usharika wetu, Mwalimu alikwenda nyumbani kwa wafiwa, akatoa pole, akakaa kwenye kigoda. Hakuuliza marehemu alikuwa na umri gani wala aliugua nini. Aliuliza, "Alikuwa anaitaje?" Aliwaitaje kuku, aliwaitaje watoto waje kula, alimwitaje jirani aliye ng'ambo ya bonde. Watu walimshangaa. Baadaye mmoja angejaribu, kwa haya, kuiga ule mwito. Mwingine angemkosoa: siyo hivyo, mwisho alikuwa anavuta. Kutoka kwenye mwito huo alitunga wimbo wa sauti nne, akautundika kesho yake asubuhi, tukajifunza, tukaimba kaburini. Ndani ya wimbo, ukiwa unajua, ungesikia marehemu anaita.

Mzee mmoja mfugaji aliwaita ng'ombe wake kwa mluzi wa kupanda na kushuka mara mbili. Mwalimu akauweka mluzi ule katika sauti ya pili, umefichwa katikati. Wanasema tulipofika kwenye mluzi ng'ombe waliokuwa wanachungwa karibu na makaburi waliinua vichwa wote. Mimi sikuona. Nilikuwa naangalia daftari.

Na wimbo wa mtu, alisema, unaimbwa siku moja tu. Haurudiwi ibadani, hauimbwi kwenye tamasha. Lakini karatasi alizitunza zote, amezikunja, jina la marehemu limeandikwa nje. Nilimuuliza, kama haurudiwi unatunza wa nini? "Mwenyewe akiutaka atakuja," alisema. Mwenyewe nani, marehemu au mfiwa? Sikuuliza.

Mke wangu alifariki mwezi wa pili, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Mwalimu alikuja saa nne asubuhi, nyumba imejaa watu, akakaa mbele yangu.

"Pole sana, Katibu. Mama alikuwa anakuitaje?"

"Baba Penina," nikamwambia.

"Siulizi jina. Ukiwa shambani, chakula kiko tayari, amesimama mlangoni mwa jiko. Sauti ilipanda wapi, ikashukia wapi?"

Nilifungua mdomo. Watu wote walikuwa wananiangalia. Miaka ishirini na minane niliitwa mara mbili kwa siku, na hakuna kilichotoka. Nikasema ngoja nikaangalie viti, nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya jiko nimeshika ukuta. Kisha nikasikia, kutoka ndani, mke wangu ananiita.

Alikuwa ni Mama Sara, jirani yetu, anamwonyesha Mwalimu. Lakini kwa pumzi moja nilijiandaa kuitika. Nikakaa chini, pale penye majivu, na nikasikia uchungu na hasira pamoja. Kwamba jirani anaujua na mimi siujui. Kwamba mtu mgeni amekuja nyumbani kwangu kunionyesha kuwa siujui.

Wimbo tuliuimba kaburini. Mimi niliimba besi. Watu waliniambia nijikalie tu na wafiwa, nikakataa, nikasimama na wenzangu na daftari langu. Nilihesabu mapigo, nikaangalia nisisukume. Juu yangu kina mama walikuwa wanamwita mke wangu, au mke wangu alikuwa ananiita mimi, mara tatu, na mara ya tatu Mama Sara alishindwa kumaliza. Nakumbuka alishindwa. Sauti yenyewe siikumbuki. Nilikuwa nafanya kazi yangu vizuri.

Wiki moja baadaye Mwalimu aliniambia njiani, "Karatasi ya mama ipo. Siku ukiitaka, njoo, nitamwita Mama Sara." Nikasema asante. Sikwenda. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Kila nilipofungua kabati kutoa vitabu niliona jina la mke wangu limeandikwa kwa kalamu nene, nikafunga.

Kwa hiyo malalamiko yalipoanza barazani sikuyazuia. Vijana walitaka spika na kinanda cha umeme, walitaka kurekodi video kama sharika nyingine. Wazee wengine walisema ni aibu, kanisani tunaimba mwito wa kuku. Mmoja aliuliza, "Huyu mtu shahada yake ni ya misiba?" Wakanigeukia mimi, mgane, ambaye mke wangu alitungiwa wimbo. Neno langu moja lingetosha. Nikasema, "Tangu siku ya kwanza niliuliza inafanya kazi gani. Jibu bado sijalipata." Baada ya hapo ndipo mwenyekiti aliposema, "Katibu, andika."

Mchungaji aliuliza kama karatasi apewe mwenyewe aondoke nazo. Nami, Mungu anisamehe, nikafungua daftari la vifaa. Mifuko ya saruji ilikuwa ya ujenzi wa kanisa, mitupu na iliyojaa. Nikasema ni mali ya usharika, mtu binafsi hawezi kupewa. Hakuna aliyebisha. Nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko mzuri, na kwa watu wa hapa hiyo ilikuwa kama sheria.

Mwalimu aliisoma barua amesimama. "Shikamoo, Katibu," alisema kwanza. Akaisoma mara mbili. "Umeandika vizuri. Naomba basi karatasi."

"Zimeandikishwa, Mwalimu. Mali ya usharika."

Nilitegemea atapandisha hasira. Alinitazama kwa namna ya mtu anayesikiliza kinu. "Basi zisikae chini," alisema. "Mchwa wanapenda saruji ikishalowana." Akapanda bodaboda na mfuko wake mapajani, kama alivyokuja.

Nilizibeba mwenyewe hadi stoo nyuma ya kanisa, nikaziweka kwenye gunia, gunia nikaliweka chini. Rafu ilikuwa na mabati. Nilisema nitarudi kuyahamisha.

Penina aliponipigia mwaka huu ndipo nilipokwenda kwa mara ya kwanza kulifungua gunia. Hapakuwa na gunia. Palikuwa na udongo uliosimama kwa tabaka nyembamba, moja juu ya jingine, kama karatasi zilizokunjwa. Nilipogusa ulianguka.

Penina alikwenda shule ya bweni akiwa mdogo, naye anasema haukumbuki mwito wa mama yake. Mama Sara alishafariki. Yeye mwenyewe hakutungiwa wimbo, maana Mwalimu hakuwepo. Waliobaki wa sauti ya kwanza ni wawili. Niliwaalika nyumbani, nikawapikia chai, nikawaomba. Daftari la mmoja wajukuu walifanyia hesabu, la mwingine liliwashiwa moto. Wakajaribu kwa kichwa.

"Ulianza hivi," akasema wa kwanza, akaimba.

"Huo ni wa yule mzee wa ng'ombe!"

"Wa ng'ombe gani? Wa ng'ombe ulikuwa na mluzi!"

"Mluzi ulikuwa sauti ya pili, sisi tuliimba huo. Na wewe siku ya mama Penina ulikuwa na mafua, uliimba nini wewe?"

Waligombana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja aliniimbia wimbo wake, ni tofauti kabisa, na wote wawili waliapa. Nilisikiliza nikingoja nijikute najiandaa kuitika, kama siku ile nyuma ya jiko. Haikutokea.

Nikaenda Iguguno kwa Mzee Jumanne kuuliza Mwalimu alikoelekea. Alikuwa amezeeka, kinu anaendesha mwanawe, lakini kile kiti bado kipo. Nilipomweleza shida yangu aliingia ndani, akarudi na kibahasha cha plastiki. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya saruji iliyokunjwa mara nne.

"Mama yangu alipofariki alikuja," alisema. "Akaniuliza alikuwa ananiitaje, nikamwonyesha. Baada ya siku tatu akaniletea hii. Akasema, 'Najua kwenu hauimbwi. Basi uwe nao tu.'"

"Unajua kuusoma?"

"Kusoma wapi! Herufi tu hizi." Akaikunja tena taratibu, akaibusu, akairudisha ndani ya plastiki. "Lakini mama yumo humu. Si alisema yumo?"

Yule asiyeweza kuuimba ndiye aliyeutunza. Akanipa namba ya simu, na wiki iliyofuata nikachukua basi hadi Manyoni, daftari langu la besi ndani ya koti.

Nilimkuta kwenye chumba kidogo mtaa wa nyuma ya stendi, mchana wa jua kali. Vinanda viwili vimefunguliwa matumbo mezani, na yeye amevaa spika za masikioni, anaandika nota. Hiyo ndiyo kazi yake sasa. Kwaya za huku na kule zinamrekodia nyimbo kwa simu, anaziandika sauti zote nne na kuwarudishia. Siku mbili kwa wiki anafundisha shule ya jirani. Nywele zimekuwa nyeupe. Aliponiona alivua spika.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, Mwalimu."

"Besi bado unaisukuma?"

"Sina wa kumsukuma tena."

Alicheka, akaagiza chai. Nikamweleza yote, kaburi, Penina, gunia. Nilipofika kwenye mchwa aliinamisha kichwa. Nikampa daftari. Akafungua ukurasa wenye jina la mke wangu, akagonga kichuma gotini, akaniambia niimbe. Niliimba. Do, do, so, do. Mtaani watu wanapita, mimi mzee mzima naimba sakafu ya nyumba isiyokuwepo.

Akaandika. Akafuta, akaandika tena. Kisha akaniimbia kwa lile koo lake nyimbo tatu, zote juu ya besi yangu. Zote zilikaa sawa.

"Wa kweli ni upi?"

"Sijui, Katibu. Niliandika ili nisahau, nimpishe mwingine. Ningebeba wote kichwani ningepata wazimu." Akaweka kalamu. "Juu ya besi hii zinakaa nyingi. Mwito ndio ungetuonyesha. Tujaribu tena. Mama alikuwa anakuitaje?"

Safari hii hakuna aliyekuwa ananitazama ila yeye. Nilifumba macho. Nikaliona jiko, nikauona mlango, nikaiona kanga yake ya bluu. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka, imepanda, ikakaa, ikashuka. Machozi yakanitoka. Nikafumbua macho nimwambie Mwalimu kwamba ndiyo, ndiyo hii.

Alikuwa anatikisa kichwa polepole.

"Huo ni wimbo wa pili kati ya zile tatu, Katibu. Nimeutunga mimi sasa hivi."

Kinanda kimoja kilikuwa kinatoa mlio mdogo usiokoma. Nikamwambia, "Mwalimu, ile barua." Akasogeza kikombe changu karibu na mimi. "Chai inapoa," alisema. Sijui kama alinisamehe, au kama hakuwa na la kusamehe, au kama aliona sistahili kujibiwa. Aliniamkia tena wakati wa kuondoka, akanisindikiza hadi kwenye basi, akasimama pale shingo imepinda upande mpaka injini ilipowaka.

Penina nimemwambia tutaimba wimbo wa kitabuni. Akasema, "Sawa, baba." Hajaniuliza kwa nini, nami bado sijamwambia. Atayasoma hapa.

Mke wangu aliniita mara mbili kwa siku kwa miaka ishirini na minane, na mwito wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Nilimkatalia karatasi ile mtu aliyejua kuitunza, nikaibeba kwa mikono yangu, nikaiweka chini penye mchwa. Sijui tena mke wangu alikuwa ananiitaje, na binti yake hatajua kamwe.